Tutarudia mpaka tupate jibu sahihi

Haya ni yale niliongea Jumamosi mchana kwa ukumbi mmoja wa huku Eastlands, mbele ya wanafunzi wa fomu tatu na fomu nne, walimu wao na wazazi kadhaa. Watu wameniomba niandike, basi nimeandika vile nilisema, na pale niliharakisha juu ya muda nimeongeza kidogo.

Hamjambo. Nyinyi wa nyuma mnanisikia? Hii maiki inakwaruza lakini tutavumiliana.

Mwalimu aliyenialika aliniambia niwaongeleshe kuhusu mbinu ya kisayansi. Sasa hiyo mnaijua, iko kwa kitabu, kurasa za mwanzo kabisa, unaangalia kitu, unauliza swali, unakisia jibu, unafanya jaribio, unaandika matokeo, unahitimisha, mshale huku mshale kule. Mkiulizwa kwa mtihani andikeni hivyo hivyo mpate maksi zenu, sitaki mtu aende kusema eti kuna jamaa wa maabara alikuja akasema ule mchoro haufai. Lakini kwa huo mchoro kuna mtu hajachorwa. Kuna mwenye anaangalia, mwenye anakisia, mwenye anasoma kipimo, na huyo mtu ako na njaa, ako na bosi, ako na deni, ako na kabila, na ako na wazo lake moja amelipenda kitambo hataki liguswe. Leo nataka tuongee juu ya huyo.

Nianze na mtoto wa shule kama nyinyi. Erasto Mpemba, mwaka wa 1963, alikuwa fomu tatu shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, kabla haijaungana na Zanzibar. Vijana wa hiyo shule walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unanunua maziwa kwa kina mama wa hapo, unachemsha, unatia sukari, unangoja yapoe ndio uweke kwa friza, na nafasi kwa friza zilikuwa za kugombaniwa. Siku moja Mpemba yuko hapo anachemsha yake, kijana mwingine akaona akichelewa atakosa trei, akachanganya sukari na maziwa bila kuchemsha akaenda akaweka. Mpemba akaona trei imebaki moja, akasema potelea mbali, akaweka maziwa yake yakiwa bado moto. Saa moja na nusu baadaye wanarudi kuangalia, ya Mpemba imeganda imekuwa aiskrimu, ya mwenzake bado ni uji uji.

Akaenda kumuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia ulichanganyikiwa, hiyo haiwezekani. Akanyamaza. Baadaye akaongea na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu mjini Tanga, huyo akamwambia lakini sisi hufanya hivyo kila siku, tunaweka ikiwa moto ndio ishike haraka. Mnaona hapo, muuza aiskrimu ako na habari ambayo mwalimu wa fizikia hana, na hakuna mtu amewahi kumuuliza. Mpemba akaenda fomu tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, sio fizikia ya ulimwengu, na kutoka hapo akikosea hesabu darasa zima linaimba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mnajua vile madarasa yetu huwa.

Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, alikuwa anafundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Baada ya mgeni kuongea wakaambiwa waulize maswali, Mpemba akasimama, akauliza, nikichukua vyombo viwili vinafanana, maji kiasi kimoja, moja ni nyuzi 35 na ingine nyuzi 100, nikiweka kwa friza, ile ya nyuzi 100 inaganda kwanza, mbona? Darasa likacheka. Osborne hakuelewa inawezekanaje, na alidhani kijana amekosea, lakini alisema atajaribu. Akarudi Dar, akamwambia teknishani wa maabara afanye hilo jaribio.

Sasa hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Teknishani akafanya, akaja kuripoti kwamba ni kweli, yaliyokuwa moto yameganda kwanza. Halafu akaongeza, lakini msijali, tutaendelea kurudia jaribio mpaka tupate jibu sahihi.

(Hapo ukumbi ulicheka, hasa walimu.)

Mnacheka lakini mimi huyo jamaa namjua. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, huyo si mwongo na si mvivu, kwanza ni mfanyakazi mzuri, amefanya kazi akaripoti ukweli hata kama unamshangaza. Shida yake ni ndogo na ni shida yetu sote. Anajua jibu tayari. Na kwa sababu analijua, jaribio likimpa kitu kingine anaona ni jaribio limeharibika. Angalia inavyotembea: matokeo yakiwa yale uliyotarajia unaandika mara moja unaenda chai, matokeo yakikataa unaanza kukagua, labda friza ilifunguliwa, labda kipimajoto ni kibovu, labda turudie. Unarudia. Ikikataa tena unarudia. Siku itakubali, na itakubali siku moja hata kwa bahati, hapo ndio unasimama. Hujadanganya mahali popote. Kila ukurasa wa daftari lako ni wa kweli. Lakini umeshajipa jibu ulilokuja nalo kutoka nyumbani.

Osborne na Mpemba waliandika hiyo kitu ikachapishwa 1969 kwa jarida la Physics Education, wakati huo Mpemba yuko chuo cha wanyamapori Mweka, na mpaka leo dunia nzima hilo jambo linaitwa kwa jina lake. Na wengi huishia hapo, wanapiga makofi, mtoto wa Afrika aliwaonyesha. Mimi siishii hapo. Mwaka wa 2016 watu wawili Uingereza, Burridge na Linden, walirudia kwa makini sana wakaangalia pia majaribio ya wengine ya miaka ya nyuma, wakagundua kwamba ukisogeza kipimajoto juu ama chini kidogo tu ndani ya chombo unaweza kupata matokeo yanayofanana na ya Mpemba, ama usiyapate kabisa. Wakaandika kwamba wanahitimisha, kwa huzuni kidogo, hakuna ushahidi wa maana. Wengine hawajakubali, na 2020 kuna watafiti chuo cha Simon Fraser huko Canada walionyesha kitu cha namna hiyo kikitokea, lakini si kwa maji ya friza, ni kwa chembe ndogo sana zinazoelea majini zikisukumwa na mwanga wa leza. Kwa hivyo mjadala bado uko.

Mimi nilipenda hayo maneno, kwa huzuni kidogo. Yaani walitamani Mpemba awe sawa, wakasema wazi walitamani, na matamanio yao hayakugusa nambari hata moja. Watu hufikiri mwanasayansi ni mtu hana hisia, amekauka, hana upande. Sijawahi kuona huyo mtu. Kila mtu nimefanya kazi naye ako na upande. Ni kama useme refa wa mechi ya Gor na AFC awe mtu hajawahi kuwa na timu, utamtoa wapi hapa Nairobi? Utakachofanya ni kuweka walinzi wa laini, kuweka sheria zinajulikana kabla ya mechi, ili hata akiwa wa Gor mpaka kwa soksi aone kupendelea ni ngumu.

Na hiyo ndio kitu moja nilikuja kuwaambia. Kutoegemea upande si tabia ya mtu. Usiniambie wewe ni mtu wa haki, nakuamini, lakini haitusaidii. Niambie umejifunga na nini kabla hujaona jibu.

Niwaonyeshe vile tunajifunga kazini. Mama amekuja na mtoto, mtoto ana joto, daktari ameandika tupime malaria. Natoa damu, napaka slaidi, napaka rangi ya Giemsa, naweka chini ya maikroskopu. Sasa kama kwa fomu imeandikwa joto kali, ametoka Kisumu majuzi, jicho langu tayari linatafuta. Kila kadoti ka rangi kataanza kufanana na kimelea. Na kama imeandikwa mtoto wa Nairobi hajasafiri, nitaangalia haraka haraka niseme hakuna. Kwa hivyo kuna sheria. Huwezi kusema hakuna mpaka uwe umeangalia maeneo 100 ya slaidi, si 20, si vile umechoka. Na kwa utafiti mkubwa wa dawa ama chanjo, slaidi moja inasomwa na watu wawili, kila mtu peke yake, hawajui mgonjwa ni nani, hawajui alipewa dawa gani, hawajui mwenzake amesema nini, na wakipishana kuna wa tatu. Watu wa nje wakisikia hivyo husema kwani hamwaminiani. Ndio, hatuaminiani, na hakuna mtu anakasirika, ni kama kunawa mikono tu.

Kuna wakati tunaletewa slaidi za kutupima sisi, zimetoka nje, mwenye kuzituma anajua majibu, sisi hatujui. Hiyo siku hata wale wakongwe wa miaka 20 unaona wamenyamaza.

Sasa tutoke maabara twende shule. Kuna utafiti ulifanywa Busia na Teso, magharibi hapo kwetu, na watu wa uchumi, mmoja wao ni Michael Kremer, huyu alikuja kushinda Nobel 2019 pamoja na wenzake wawili. Walitaka kujua zile chati kubwa za kufundishia, unafunua ukurasa, kuna mchoro wa moyo, wa udongo, wa hesabu, zinasaidia wanafunzi kupata maksi? Njia rahisi ni gani? Angalia shule ziko na chati na shule hazina, linganisha maksi. Walifanya hiyo hesabu na ikasema ndio, chati zinasaidia, tena vizuri. Ingekuwa ni mimi na wewe tungeandika ripoti tupeleke wizarani, tenda ya chati itangazwe, mtu anunue gari.

Lakini walikuwa wamefanya na ya pili. Shule 178, nusu zikachaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa chati, nusu hazikupewa. Wakalinganisha. Hakuna kitu. Maksi ni zile zile.

Wewe jiulize ile tofauti ya kwanza ilitoka wapi. Shule ambayo tayari ina chati, ni nani alizileta? Kuna mwalimu mkuu mwenye bidii aliyeenda kuzitafuta, ama wazazi wenye uwezo waliochanga, ama mfadhili aliyechagua shule iliyo karibu na lami. Huyo mwalimu mkuu ndiye anaongeza maksi, chati zimening'inia tu ukutani zikichukua sifa. Ukiangalia kwa macho huwezi kutenganisha hizo mbili, hata uwe na akili namna gani, hata uwe na data ya shule elfu moja. Bahati nasibu ndio inatenganisha, kwa sababu haijui mwalimu mkuu ni nani. Ukitaka kujua nusu ya matangazo ya shule za kibinafsi hapa Nairobi yanatudanganya aje, hapo ndio kuna siri, wanachukua wanafunzi wa juu kwa intavyuu, halafu wakipita mtihani wanatuonyesha wanavyofundisha.

Sasa wacha niguse mahali panauma. Wazazi mtakumbuka, vijana mtaulizana nyumbani. Mwaka wa 1990 hapa Nairobi ilitangazwa Kemron. Ukimwi ulikuwa unamaliza watu, hakukuwa na dawa za kufaa vile tunazo leo, ukipata majibu yako ulikuwa umepewa barua ya kifo. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wakasema wamepata dawa, interferoni kidogo sana, kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza kupigana na virusi, unaweka mdomoni inayeyuka, na wagonjwa wanapata nguvu, wanaongeza uzito, wengine hata wakipimwa tena eti virusi havionekani. Rais Moi mwenyewe akatangaza. Mnafikiri ilikuwa furaha ya aina gani? Watu walikuja kutoka mbali, hata Marekani kuna jamii za watu weusi walioishikilia sana kwa sababu imetoka Afrika.

Shida ilikuwa nini? Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa wote walipewa dawa, wote walijua wamepewa dawa, na daktari aliyewauliza mnajisikiaje alijua wamepewa dawa. Sasa mgonjwa huja hospitali siku amezidiwa, na mtu aliyezidiwa mara nyingi wiki mbili baadaye anapata nafuu kidogo hata usipompa kitu, ugonjwa una kupanda na kushuka. Amelala mahali pazuri, amekula, ametibiwa kidonda cha mdomo, amepewa tumaini, uzito utaongezeka. Na yule ambaye hakupata nafuu pengine hakurudi kuhojiwa. Bila watu wa kulinganisha nao, wanaopewa kidonge kinachofanana ambacho hakina kitu, huwezi kujua ni dawa ama ni hayo mengine yote. Baadaye majaribio ya namna hiyo yalifanywa nchi kadhaa, jirani zetu Uganda wakiwemo, wagonjwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, daktari hajui, mgonjwa hajui, na Kemron haikushinda kidonge tupu.

Mimi siwezi simama hapa nikasema hao watu walikuwa wakora. Sidhani. Nafikiri walikuwa wanaona watu wanakufa na walitaka sana iwe kweli. Na kulikuwa na kitu kingine, fahari. Ukiuliza kundi la kulinganisha liko wapi ulionekana unadharau Mwafrika. Na kusema ukweli kuna wazungu waliouliza kwa dharau, hilo lilikuwepo, hawakuamini kitu cha maana kinaweza kutoka Nairobi. Lakini swali likiulizwa na mtu mwenye dharau bado ni swali, na jibu lake ni kundi la kulinganisha, sio hotuba. Huyo mwenye dharau ungemnyamazisha milele kwa jaribio moja lililopangwa vizuri. Na kama jaribio lingekataa, ungekuwa umeokoa watu wako pesa na miaka.

Na msiniambie hatuwezi, kwa sababu nyumba hiyo hiyo ya KEMRI juzi imefanya. Profesa Nelly Mugo na wenzake walitaka kujua kama chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, sindano moja tu inatosha badala ya mbili ama tatu. Wasichana 2,275, wa umri wa miaka 15 hadi 20, Nairobi, Thika na Kisumu. Kwa bahati nasibu wengine wakapewa chanjo ya HPV, wengine wakapewa chanjo ya meninjitisi, na huo mpango ni mzuri kwa sababu mbili, hakuna msichana ametoka mikono mitupu, na hakuna anayejua ako upande gani. Matokeo yalichapishwa 2022, sindano moja baada ya miezi 18 ilizuia kwa asilimia 97.5 zile aina mbili mbaya zaidi za virusi vya HPV. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanza kuruhusu nchi zitumie dozi moja. Hakuna aliyehitaji kusema tuamini kwa sababu sisi ni Waafrika.

Kuna mama alikuwa ameinua mkono kitambo, nikamwambia aulize. Akasema, sasa Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa Tanzania wa kikombe cha dawa, mimi jirani yangu alienda 2011 akanywa kile kikombe, alikuwa na sukari, akarudi mzima, utasema nini? Nikamwambia mama, sitabishana na jirani yako, anajua vile alijisikia. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania, magari yalipanga foleni porini, hata kutoka hapa Nairobi watu walikodisha matatu. Swali langu ni nani alikaa kwenye hiyo barabara na daftari akiandika majina ya wanaoenda, akapima sukari yao kabla, halafu akawatafuta wote baada ya miezi sita, wale walio hai na wale waliozikwa. Mimi simjui. Tulisikia waliorudi kutoa ushuhuda, na walioacha dawa zao za sukari na ARV, zile za ukimwi, wakaaga hawakupewa maiki. Akaniangalia, akasema jirani yangu bado yuko. Nikasema Mungu amlinde, na aendelee na kliniki.

Sasa mtu ataniuliza, na kama wote wamejikaza kwa upande wao, na bahati nasibu haiwezekani, kwa mfano huwezi kugawanya mifupa ya kale kwa kura, tutafanyaje? Ni kweli kuna sayansi hairuhusu jaribio. Hapo ndio napenda kuwapeleka watu Makumbusho ya Taifa, hapo juu kwa Museum Hill. Mwaka wa 1972 Bernard Ngeneo, wa timu ya Richard Leakey, alipata vipande vya fuvu Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, lile linaitwa 1470, hiyo ni nambari yake ya makumbusho. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ya volkano, na hayo majivu yalikuwa yamepimwa na wataalamu wa Uingereza wakapata miaka milioni 2.6. Kwa hivyo fuvu ni nzee kuliko hapo, na ubongo wake ni mkubwa, Leakey akafurahi sana, binadamu mwenye ubongo mkubwa ni wa kale kuliko kila mtu anavyodhani, vitabu viandikwe upya.

Nguruwe wakakataa. Ndio, nguruwe. Nguruwe wa zamani wa Afrika Mashariki magego yao ya nyuma yalikuwa yanarefuka kadiri miaka inavyosonga, kwa hivyo ukipata gego unaweza kukadiria enzi. Na nguruwe wa Koobi Fora waliokuwa karibu na hayo majivu walifanana na nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, wa miaka milioni 2, sio 2.6. Ugomvi uliendelea karibu miaka kumi. Maabara ya California ikapima majivu ikapata kama milioni 1.8, upande wa Leakey ukapata njia ya kukataa, wakaandikiana, wakanuniana. Mwishowe vipimo vipya vikakubaliana na nguruwe, milioni 1.88, na Leakey mwenyewe akakubali.

Kwa huo ugomvi wote sioni mtu hata mmoja alikuwa hana upande. Wa fuvu alitaka fuvu liwe nzee, wa Omo walitaka Omo iwe sawa. Lakini majivu yalikuwa hapo, maabara nyingine iliweza kupata kifuko chake ipime kwa mashine yake, na magego yalikuwa kwa droo hapa Nairobi. Ukificha majivu, ukisema ni yangu hakuna wa kugusa, ugomvi unaisha siku hiyo na mwenye jina kubwa anashinda. Mkisikia mtu anasema ana utafiti wake lakini data ni siri, hata kama ni mtu mzuri, hata kama ni mtu wa kwenu, msimsikize sana.

Muda ulikuwa umeisha nikaruhusu swali la mwisho. Msichana wa fomu tatu, anataka kufanya projekti ya kongamano la sayansi, maji ya maganda ya ndizi yanafanya sukuma wiki ikue haraka? Nikamwambia vizuri sana. Panda mikebe 20, udongo kutoka gunia moja, mbegu za pakiti moja. Andika nambari kwa karatasi, kunja, mtoto mdogo achomoe 10, hizo ndio za maganda, zingine 10 maji ya kawaida kiasi hicho hicho. Usichague wewe, utachagua ile imetokeza vizuri. Ziweke zimechanganyika zisiwe zote za maganda upande wa jua. Kabla hujaanza andika utapima siku gani, utapima nini, urefu ama uzito, na tofauti gani ndogo utakubali kwamba ni hakuna, weka tarehe, mpe mwalimu akae nayo. Na siku ya kupima, usipime wewe. Mwite mtu hajui mkebe gani ni wa nini.

Hapo mwalimu wake akasimama, na alisema ukweli mtupu. Akasema, bwana, hayo ni sawa, lakini mtoto akienda kongamano na matokeo ya hakuna tofauti, majaji hawampi kitu, anayepita kwenda kaunti ni yule sukuma yake imefika kiunoni. Watu wakacheka, lakini hakuwa anachekesha. Na sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu hata kule juu ni hivyo hivyo, utafiti ukikosa kuonyesha kitu unawekwa kwa droo, halafu dunia inasoma tu yale yaliyofaulu. Kwa dawa wamejaribu kuziba, tangu 2005 majarida makubwa ya udaktari yanataka jaribio liandikishwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa hivyo ukikaa kimya watu wanajua kuna kitu umekalia. Kwa sukuma wiki hakuna mahali pa kuandikisha. Nikamwambia mwalimu, si nyinyi ndio majaji? Si mnakaa kamati moja na hao wenzako? Ile karatasi ya tarehe ambayo mtoto ameandika mwanzo, ipeni maksi 10, kabla mtu yeyote hajaona urefu wa sukuma. Akasema ataiongelesha kamati lakini hawezi kuahidi, kuna watu wagumu.

Msichana naye alikuwa anaandika tu wakati wote tunabishana. Akauliza kama mikebe ya Kasuku, ile ya mafuta ya kupikia, itafaa. Nikamwambia itafaa, bora zote ziwe saizi moja na uzitoboe chini maji yatoke.